Wembamba, Wanene na Harufu ya Asetoni

Katika kliniki za kisukari nilizofanyia kazi kulikuwa na kanuni ambayo haikubandikwa ukutani, lakini kila muuguzi aliijua: mgonjwa mwembamba ni wa sindano, mgonjwa mnene ni wa vidonge. Mwembamba akikosa insulini siku mbili tatu, ketoni, zile kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta, zitajaa damuni, atatapika, atahema kwa nguvu, na asipowahiwa atakufa. Mnene sukari yake yaweza kupanda hadi mashine ishindwe kuisoma, lakini ketoni hana. Nilifundishwa hivyo na watu niliowaheshimu na ninaowaheshimu hadi leo, na mara nyingi ilikuwa kweli. Sasa nimestaafu. Muda nilioupata nimeutumia kufuatilia kanuni hiyo ilizaliwa wapi, nani aliilea, na ilianza lini kutuangusha, kwa sababu nimewaona watu walioumia kwa ajili yake.

Waganga wa India ya kale, ambao mafundisho yao yamehifadhiwa katika vitabu vya Charaka na Sushruta, walikwisha kumtenga mgonjwa mwembamba aliyeanza kuugua angali kijana na mtu mzima mnene apendaye kula na kukaa. Karne ya 2, tabibu Aretaeus wa Kapadokia alieleza jinsi nyama ya mgonjwa inavyoyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Macho yao yalikuwa makali. Lakini ketoni hazionekani kwa macho, na ilibidi zingoje kemia.

Mwaka 1857, mjini Prague, Wilhelm Petters alikuta asetoni, mojawapo ya ketoni, katika mkojo wa mgonjwa wa kisukari. Ni asetoni ile ile inayouzwa madukani kwa kufutia rangi ya kucha. Ukiingia wodini asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, unaweza kuisikia harufu yake kwenye pumzi ya mgonjwa kabla hujasoma faili lake. Wapo wauguzi ambao pua zao haziisikii kabisa, nami nimefanya kazi na wawili watatu wa namna hiyo. Miaka minane baada ya Petters, Carl Gerhardt alionyesha kwamba mkojo wa wagonjwa hao ukitiwa kloridi ya chuma hugeuka rangi ya divai nyekundu.

Kisha akaja Adolf Kussmaul. Mwaka 1874, akiwa Freiburg, aliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliopoteza fahamu, na akaeleza namna walivyopumua. Hadi leo tunaita upumuaji huo kwa jina lake. Aliyewahi kuuona hausahau. Kifua kinapanda chote na kushuka chote, pumzi baada ya pumzi, bila kupumzika. Si kuhema kwa juu juu kama kwa mtoto mwenye nimonia, na hakuna mluzi wa pumu. Hewa inaingia bila kizuizi chochote, na bado mgonjwa anaitafuta kama aliyenyimwa. Kussmaul alielewa kwamba mapafu hayana kosa, bali mwili umepatwa na sumu. Mwaka 1884 Oskar Minkowski, kijana aliyekuwa akifanya kazi chini ya tabibu Bernhard Naunyn, alikuwa miongoni mwa waliogundua tindikali kuu inayohusika, ambayo ni mojawapo ya ketoni. Mgonjwa anahema vile kwa sababu damu yake imejaa tindikali, na njia ya haraka aliyobaki nayo ya kuipunguza ni kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa wingi.

Watafiti hawa wa ketoni hawakusema neno la uhakika kuhusu uzito. Neno hilo lilitoka Paris.

Katika hospitali ya Hôtel-Dieu alikuwapo Apollinaire Bouchardat, mtu aliyewashughulisha wagonjwa wake kwa mazoezi na kuwapunguzia chakula. Majeshi ya Prusia yalipouzingira mji mwaka 1870 hadi 1871, mkate ukawa wa kupimiwa, watu wakala farasi, na Bouchardat akaona sukari ikitoweka katika mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake. Njaa ya vita ilifanya kile ambacho ushauri wake haukuweza kuwafanyisha wakati wa shibe. Waliofaidika hivyo ni wale ambao miili yao bado ilikuwa na insulini, ingawa neno hilo halikuwapo bado.

Étienne Lancereaux aliwatazama wale wengine. Mwaka 1877 alieleza habari za wagonjwa wawili ambao, walipopasuliwa baada ya kufa, makongosho yao yalikutwa yameharibika. Mwaka 1880 akatoa maelezo kamili ya kisukari cha wembamba: kinaanza ghafla, mgonjwa anakonda mbele ya macho yako, nguvu zinamwishia, anakufa upesi. Akakitenga na kisukari cha wanene, kinachokwenda polepole na kumwachia mtu miaka mingi. Chanzo cha kile cha kwanza, alisema, ni kongosho. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari kikali. Lancereaux akawa amethibitishwa.

Ninamheshimu Lancereaux. Lakini niliposoma habari zake nilijiuliza swali ambalo muuguzi yeyote wa mapokezi angejiuliza: uzito huo ulipimwa lini? Mgonjwa anayefika akiwa na ketoni amekwisha kuugua kwa majuma, pengine miezi. Sukari imekuwa ikimtoka kwa mkojo, mafuta na misuli vimekuwa vikiyeyushwa, maji yamemkauka. Suruali aliyoinunua wakati wa sikukuu sasa anaifunga kwa kamba. Wembamba wake ni kazi ya ugonjwa. Ukimpima siku ya kulazwa na kuandika kwamba wembamba ndio wanaopata ketoni, umepindua mambo, umeweka matokeo mahali pa chanzo. Ndiyo maana sikuzote niliwauliza ndugu: mwaka jana alikuwa na mwili gani? Mara nyingi walicheka kwa huzuni na kunionyesha picha kwenye simu, na mtu wa kwenye picha hakufanana na aliyelala kitandani.

Baada ya Paris, kanuni ilivuka bahari ikaenda Marekani, na huko uzito ukageuzwa kuwa tiba yenyewe. Frederick Allen wa Taasisi ya Rockefeller, New York, aliona kwamba mgonjwa akinyimwa chakula, sukari na ketoni hupungua. Kuanzia miaka ya 1914 na 1915 akawashindisha watoto na watu wazima na njaa, kisha akawarudishia chakula kwa vipimo vidogo sana. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji yake kumwagwa ili wanga uishe. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa Charles Evans Hughes, aliyeanza kuugua mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Agosti 1922, alipopelekwa Toronto kwa Frederick Banting, alikuwa na kilo zipatazo 20. Kilo hizo sisi tulizoea kuziandika kwenye kadi za watoto wa miaka sita. Allen siwezi kumlaumu. Hakuwa na kingine cha kuwapa, na baadhi yao aliwafikisha wakiwa hai hadi siku insulini ilipopatikana. Elizabeth aliishi mpaka mwaka 1981.

Kabla yake alikuwapo Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, aliyelazwa katika Hospitali Kuu ya Toronto akiwa na kilo zisizofika 30. Pumzi yake ilinuka asetoni. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Charles Best kutokana na kongosho la ng'ombe. Sukari ilishuka kidogo, ketoni zikabaki. James Collip akaisafisha dawa ile upya, na tarehe 23 Januari sindano zikaanza tena. Safari hii sukari ilikaribia kuisha kwenye mkojo, na ketoni zikatoweka.

Hapo ningependa msomaji asimame nami kidogo. Leonard alikuwa mwembamba vile vile, mifupa ile ile, kitanda kile kile. Kilichobadilika ni insulini peke yake, na ketoni hazikuwapo tena. Kama wembamba ndio ungekuwa mama wa ketoni, zisingeondoka kabla hajaongeza nyama hata kidogo. Jibu la swali la uzito na ketoni lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya vipimo ya mvulana yule tangu mwaka 1922, lakini taaluma yetu iliendelea kutazama mizani.

Kwa nini basi kanuni ilikuwa kweli mara nyingi? Mafuta tuliyo nayo mwilini yamewekwa ghalani, na insulini ndiye mlinzi wa mlango. Akiwapo, mafuta hayatoki ovyo. Asipokuwapo, mlango unafunguka, mafuta yanamiminika kwenye damu, yanafika kwenye ini, na ini linayageuza kuwa ketoni. Jambo la kushika ni hili: insulini inayohitajika kuuzuia mlango huo ni kidogo sana, kidogo kuliko inayohitajika kuiingiza sukari kwenye misuli. Mtu mnene ambaye mwili wake umekuwa sugu kwa insulini bado kongosho lake linaitoa, pengine kwa wingi. Haitoshi kushusha sukari, lakini inatosha kulinda mafuta. Basi sukari yake iko juu na ketoni hana. Mwembamba wa Lancereaux alikuwa ameishiwa kabisa. Unene haukumlinda yeyote. Aliyelindwa alilindwa na insulini iliyobaki.

Wanasayansi walilifikia hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1936, London, Harold Himsworth aliwapa wagonjwa sukari na insulini kwa pamoja akaona makundi mawili: walioitikia insulini na waliokuwa sugu kwayo. Mwaka 1951 Joseph Bornstein na R. D. Lawrence walipima insulini ya kwenye damu na kuonyesha kwamba wagonjwa wa kundi la wembamba wenye ketoni hawakuwa nayo, ilhali wanene walikuwa nayo. Lawrence mwenyewe alikuwa daktari mwenye kisukari, aliyekwenda Italia akingojea kufa, kisha mwaka 1923 akaitwa arudi London kwa kuwa insulini imefika. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Bronx wakatoa kipimo bora zaidi kilichothibitisha jambo hilo.

Sisi tulikuwa mbali na vipimo hivyo. Nilipoanza kazi, sukari ya mkojo tuliipima kwa dawa ya Benedict: mililita tano za dawa ya buluu kwenye kijichupa cha kioo, matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya moto wa spiriti na kutazama rangi. Ikibaki buluu hakuna sukari. Inapita kijani, njano, machungwa, hadi nyekundu ya tofali. Kwa ketoni kulikuwa na kipimo cha Rothera. Unaujaza mkojo chumvi ya amonia salfeti mpaka nyingine ikatae kuyeyuka na kutulia chini. Unadondosha punje ndogo ya nitroprusaidi, unatikisa. Halafu unainamisha chupa na kuiteremsha amonia taratibu ikifuata ukuta wa kioo, isichanganyike, ikae juu. Macho yanakuwasha. Unaisimamisha chupa na kungoja. Kama ketoni zipo, pale vimiminika viwili vinapokutana inatokea pete ya zambarau, mwanzo nyembamba, kisha inaiva na kupanuka. Nilikipenda kipimo hicho. Hakikujua mgonjwa ni mnene au mwembamba, na hakikuuliza.

Ulimwengu wa nchi zetu haukukaa ndani ya kanuni ya Paris, na waliochunguza walianza kuliona hilo mapema. Mwaka 1955 Philip Hugh-Jones alieleza kwamba Jamaika kuna wagonjwa vijana, wembamba, wenye sukari ya juu sana na wanaohitaji insulini nyingi, lakini hawapati ketoni. Taarifa za namna hiyo zikatoka pia India na Indonesia. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliweka kundi maalumu la kisukari kinachohusiana na utapiamlo, na mwaka 1999 likaliondoa kwa kuona ushahidi hautoshi. Wembamba wasio na ketoni wakabaki bila jina, ingawa hawakuacha kuja kliniki.

Upande wa pili wa kanuni niliuona ukivunjika kwa macho yangu. Aliletwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne, tumbo kubwa, shingo nene, hajawahi kuambiwa ana kisukari. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kimemtibu malaria siku mbili. Mkewe aliniambia, "Sista, usiku anamaliza ndoo ya maji, na asubuhi bado ana kiu." Alikuwa anahema ule uhemaji wa Kussmaul. Tabibu kijana wa zamu alipoona sukari iko juu akaandika maji ya dripu na vidonge. Nikamwambia tupime ketoni. "Mama," akanijibu kwa adabu, "huyu mnene hivi, ketoni atazitoa wapi?" Alikuwa anarudia alichofundishwa, nami sina la kumlaumu. Nikachukua kijiti cha kupimia ketoni, nikakichovya kwenye mkojo, na kabla sekunde hazijatimia pedi ilikuwa zambarau iliyokolea. Tukaanza insulini usiku ule. Alipona. Lakini kilichonishangaza kilikuja baadaye: kiasi cha insulini alichohitaji kilipungua mwezi hadi mwezi, mpaka bingwa wetu akaisimamisha na kumwacha na vidonge na chakula cha kuangalia.

Sikujua wakati ule kwamba watu kama yeye walikuwa wamekwisha kuandikwa. Mwaka 1987 William Winter na wenzake wa Florida walieleza vijana Wamarekani weusi walioanza kwa ketoni kisha wakaendelea kama wagonjwa wa vidonge. Mwaka 1994 Mary Ann Banerji na wenzake walieleza watu wazima weusi waliolazwa Brooklyn kwa ketoni, bila zile kingamwili zinazoshambulia kongosho, na kisukari hicho kikapewa jina la mtaa wao, Flatbush. Mwaka 1995 Guillermo Umpierrez wa Atlanta akaandika waziwazi kuhusu Wamarekani weusi wanene wenye ketoni kali. Mwaka 2004, katika hospitali ya Saint-Louis, Franck Mauvais-Jarvis, Jean-François Gautier na wenzao walitoa maelezo kama hayo kuhusu wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Hospitali hiyo iko Paris, mji ule ule wa Lancereaux. Kanuni ilivunjwa pale pale ilipotungwa, na waliosababisha ivunjwe ni wagonjwa wa Kiafrika.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba sukari ikikaa juu sana kwa muda, yenyewe huzitia ganzi seli za kongosho zinazotoa insulini. Mlinzi anazirai, mlango unafunguka, na mnene anapata ketoni sawa na mwembamba. Sukari ikishushwa kwa insulini ya sindano, seli zinazinduka, na wengi huweza kuachana na sindano kwa miezi au miaka. Wengine hurudi tena wakiwa mahututi, hasa wakiacha kufuatiliwa.

Kwetu, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa hospitali ya Muhimbili waliandikisha wagonjwa wapya 1,250 Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987, na katika hesabu zao walilazimika kuwa na kundi la watu ambao aina yao ya kisukari haikujulikana kwa hakika. Ninaithamini sana safu hiyo. Ni uaminifu wa wataalamu waliokataa kumsukuma mgonjwa kwenye sanduku ambalo hamtoshi.

Mambo yameendelea kusogea. Mei 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kundi la vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambavyo majina yake huishia na "-gliflozin". Mgonjwa anayevitumia, hata mnene, anaweza kupata ketoni za kuua huku sukari yake ikiwa karibu na kawaida. Vidonge hivyo sasa vinapatikana katika miji yetu. Na Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitangaza kuutambua tena ugonjwa wa wale wembamba waliokulia kwenye utapiamlo, likauita aina ya 5, baada ya utafiti wa madaktari wa Vellore nchini India na wenzao wa New York. Watafiti hao waliona kwamba, tofauti na ilivyoelezwa Jamaika, wagonjwa hawa wana insulini pungufu lakini miili yao inaiitikia vizuri, na ukiwapa dozi kubwa kwa sababu tu ni wembamba, unaweza kuwashusha sukari hadi wakafa usingizini.

Nawaomba basi wenzangu walio bado kazini, na familia zenye mgonjwa nyumbani. Mgonjwa wa kisukari akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa kina au akichanganyikiwa, apimwe ketoni siku hiyo hiyo, awe na kilo 40 au 120. Anayetumia vile vidonge vya kutoa sukari kwa mkojo apimwe hata kama sukari yake inaonekana nzuri. Mjue pia kwamba malaria kali nayo huleta kuhema kwa namna hiyo, hivyo kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu bado sukari ipimwe. Na kijiti cha mkojo hakiisomi ile ketoni kuu ya Minkowski, kwa hiyo rangi ikififia kidogo au isipofifia mara moja wakati wa matibabu, mtazameni mgonjwa na pumzi yake, wala msisimamishe insulini kwa sababu ya rangi. Zahanati isiyo na vijiti vya ketoni iviombe kwa maandishi katika oda yake ijayo, kama inavyoomba vitendanishi vya malaria.